Noti Iliyo Peke Yake

Masatu alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele, akaniambia Mwalimu Magesa amefariki. Ilibidi arudie. Simu za siku hizi nazipenda kwa mengi lakini sauti zake ni mbovu, na watu wenyewe wamekuwa wanaongea kama wana kiazi cha moto mdomoni. Hata wanakwaya wangu wa Mwisenge nimewagombeza sana kwa jambo hilo, hasa binti mmoja anaitwa Tabitha, wa sauti ya kwanza, ambaye juzi alithubutu kuniambia mbele ya wenzake kwamba tunashuka mwishoni mwa beti. Nilimwambia afungue kinywa chake kwanza, ya wengine aniachie mimi. Basi Masatu akasema mazishi ni Bugwema, nyumbani kwake Mwalimu, na kwamba Mama Neema, mkewe, ameomba mimi na yeye tufike mapema kwa sababu kuna kitu chetu anakitunza. Hakusema ni kitu gani na mimi sikuuliza, maana nilijua. Nikaacha mchele na mawe yake, nikakaa kwenye kigoda, nikalia, mimi ambaye huwa silii mpaka nifike msibani nione wenzangu wameanzaje.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa kabla simu za mkononi hazijafika Musoma. Mimi na Masatu tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, kazi hatuna, tunaimba kwaya moja, mimi sauti ya kwanza, yeye ya nne. Tulichokuwa nacho ni chumba cha stoo nyuma ya kanisa. Mwalimu Magesa alitupa ufunguo wake ili tutengeneze spika za kwaya zilizopasuka, na sisi tukakigeuza kuwa chetu. Kilinuka vumbi la viti vilivyovunjika na moshi wa lehemu. Kulikuwa na meza ya miguu mitatu, wa nne ulikuwa ndoo iliyofunikwa, na dirisha dogo ambalo ukisimama juu ya ndoo nyingine uliona ziwa. Humo tulifungua kila redio iliyokufa pale mtaani, nyingine tukazifufua, nyingine tukazimalizia kabisa. Watu walikuwa wakimuuliza Masatu kama ana mpango wa kunioa, naye anajibu kwamba bado ananifundisha kushika pasi ya kuchomelea. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa namfundisha, na mpaka leo lehemu zake zinafanana na ugali uliomwagika.

Mwalimu Magesa alifundisha shule ya msingi mchana na kwaya jioni, kwa koti lilelile. Alikuwa mrefu, mkimya, na kinanda hakukihitaji. Kabla ya wimbo alikuwa ananguruma kidogo kooni, anapata do yake, kisha anaigawa: so kwenu nyie, mi kwenu nyie, do ya chini kwa kina Masatu. Tukikosea alinyoosha kidole kimoja juu, tena alikinyoosha kabla sisi wenyewe hatujajua kwamba tumekosea. Mwaka ule aliumwa kifua, akachomwa sindano za kila siku kwa muda mrefu, na alipopona akarudi amekonda lakini mchangamfu. Ila kidole hakikurudi. Sauti ya kwanza tulianza kuteleza, noti za juu zikawa zinashuka kama shati lisilo na kifungo, naye anatutazama tu na kutabasamu. Mimi nilikuwa nasikia. Nilikuwa nasimama pale nikiona aibu kwa niaba yake, na baadhi ya wenzangu wakaanza kuimba ovyo makusudi, kwa sababu mtu asiyekemewa hujipa likizo.

Stoo yetu ilitenganishwa na chumba cha wazee wa kanisa kwa mbao nyembamba. Jioni moja tulikuwa kimya tukinusa transfoma iliyoungua, tukawasikia wanamjadili. Mmoja alisema tumpumzishe kabla ya Bunda, maana mwisho wa mwaka kwaya zote zingekutana Bunda na hakutaka aibu. Mwingine akasema sikio lile limekufa, sindano zimelimaliza, kila mtu anajua. Mzee Wambura, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwenye mambo ya kwaya, akasema mtu hatolewi kwenye kazi yake kwa maneno ya njiani, na kwamba kama kuna mwenye ushahidi aulete. Wakakumbushana kwamba kipimo cha masikio kipo Mwanza na Mwalimu amekataa kwenda, anasema anasikia vizuri tu. Masatu alikuwa ameshika transfoma mapajani kama mtoto mchanga. Akaninong'oneza kwamba kipimo cha masikio ni sauti tu, inayoanzia chini na kupanda juu, na sauti sisi tunaweza kutengeneza. Wala tusimuulize anasikia au hasikii, alisema, kwa sababu mtu mwenye heshima zake atajibu anasikia. Tumwambie aimbe anachokisikia. Niliona ni wazo la akili sana, na kwa miezi kadhaa niliendelea kuliona hivyo.

Boksi la kwanza tulilifanya kwa aisii ya 555, kale kadude keusi ka miguu minane ambako hakuna fundi asiyekuwa nako. Lililia kama nyuki ndani ya kopo. Mwalimu alikuja stooni, akakaa juu ya ndoo ya dirishani, akavaa hedifoni, akasikiliza kwa adabu, kisha akazivua. "Masatu," akasema, "hii siyo noti. Hii ni noti na ukoo wake wote. Sasa mimi niimbe yupi?" Masatu alikumbuka somo la fizikia: wimbi linaloruka juu na kudondoka ghafla limebeba sauti nyingi ndani yake, bali lile linalopanda na kushuka taratibu, wimbi la sine, ndilo sauti moja tupu. Mwalimu akasema hiyo ndiyo tuitafute, noti iliyo peke yake. Hakujua tunataka kumpima. Tulimwambia ni chombo cha kuwasaidia waimbaji kushika sauti, jambo ambalo halikuwa uongo kabisa.

Ndipo ikaanza safari ya kutafuta aisii. Masatu alikuwa na mchoro alioupata kwa jamaa aliyesoma ufundi, na mchoro ulisema iko aisii ya 8038, ina dada yake wa 2206, ambayo ukiipa umeme tu inakutolea wimbi la sine lenyewe, safi. Tulizijua namba hizo kuliko namba za nyimbo. Muuza spea wa Musoma mjini alitutafutia kwenye makopo yake yote ya maziwa, akatuletea aisii za redio, za televisheni, na moja ambayo hata yeye hakuijua, akatushauri tuchukue hiyo. Bunda, karibu na kiwanda cha pamba, tulimpata fundi aliyeapa kwamba anayo 8038. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, akasema ni ya toleo la zamani. Tulipoiwasha stooni haikutoa sauti, ilitoa harufu. Tukamwagiza kondakta wa basi la Nairobi, akapita mpakani Sirari akarudi na aisii ya kukuza sauti ya spika, akasema huko dukani wamemhakikishia kwamba nayo inaimba. Masatu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeanza kukasirika, kwa sababu Bunda ilikuwa inakaribia na kila mazoezi sauti ya kwanza ilikuwa inashuka na kidole hakinyooki.

Tulifika Butiama kwa kuambiwa kwamba hapo kijijini Mwitongo yuko mama mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio za upepo, zile za kuitana kwa mbali, ameacha makorokoro. Mama Nyabuso hakutaka kusikia habari za aisii kabla hatujala. Tulikaa jikoni kwake kwenye vigoda, tukapewa michembe ya viazi vitamu na karanga na uji wa ulezi mzito, na yeye akatuuliza habari za mvua ya Musoma kana kwamba Musoma ni nchi nyingine. Mlango wa jikoni ulikuwa umezuiwa na boksi la chuma lenye vitufe. Masatu alikuwa anatafuna huku analitazama boksi, mimi namtazama Masatu, na mama akatuambia basi malizeni kulitazama kwa macho, lishikeni. Lilikuwa chombo cha kutoa milio ya majaribio. Tulilifungua palepale sakafuni kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na aisii moja tu, imepasuka kwa kuungua, na Masatu aliposoma namba yake uso ulimwanguka. "Ni 741," akasema. "Hii imejaa kila duka. Hamna kitu humu, Prisca."

Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Katikati ya waya palikuwa na taa ndogo sana, zile zinazoangazia namba za redio, imelehemiwa kwa uangalifu, lakini haikuelekea kwenye kidirisha chochote. "Sasa hii taa inamwangazia nani?" nikauliza. "Boksi lenyewe limefungwa." Masatu akasema labda fundi alikosea. Nikamwambia mtu mwenye lehemu nzuri hivi hakosei mahali pa kuweka taa. Nikafuata waya zake kwa ncha ya sindano ya Mama Nyabuso, na tukabishana kwa sauti mpaka kuku wakatoka nje. Mwishowe tukaielewa. Sauti ikitaka kukua na kukwaruza, taa inapata joto na kuizuia. Ikitaka kufifia, taa inapoa na kuiachia. Haiwaki kamwe. Inapata joto kidogo tu ndani ya giza lake, na hilo joto ndilo linaloifanya noti ibaki laini na moja. Tulikuwa tumezunguka mkoa tukitafuta kidude cha ajabu, na kazi ile ilifanywa na aisii ya kawaida na kitaa cha redio. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi zilizofuata za maisha yangu, na nyingine kati ya hizo zilikuwa na keki. Masatu alimtengenezea Mama Nyabuso redio yake, mama akatuachia boksi, akatafuta jiwe la mlango.

Stooni tuliweka 741 mpya na tukakata duara la kadibodi nyuma ya kitufe kikubwa cha kuzungusha. Hapo ndipo tulipofanya kosa, na ni kosa ambalo nadhani wangelifanya wanakwaya tu. Mtu mwingine angeandika namba. Sisi tulikaa na kinanda cha kanisa, tukaandika kuzunguka kadibodi do, re, mi, fa, so, la, ti, do, tukarudia tena na tena mpaka juu kabisa, zaidi ya koo la mtu yeyote. Ilipendeza sana. Mwalimu alipoisikia ile sauti kwa mara ya kwanza alifumba macho akasema, "Huyu sasa ndiye." Ndipo tukamweleza ukweli, kwamba wazee wanataka ushahidi na hiki ndicho kipimo. Akafunga vifungo vya koti, akasema tumwite Mzee Wambura.

Siku ya kipimo Mzee Wambura aliketi kwenye kiti pekee kizima. Mwalimu aliipa meza mgongo, hedifoni masikioni, macho kayafumba. Masatu alizungusha kitufe, na mimi nilikuwa na hedifoni nyingine kwenye waya uleule ili nihakikishe. Do, akaimba do. Re, mi, fa. Zile za juu sana alizileta chini kwenye kadiri ya koo lake, na kila moja ilikuwa sahihi, ikasimama juu ya ile ya boksi bila kutikisika. Mzee Wambura alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu kwangu kukawa kimya. Nikadhani hedifoni yangu imekufa, nikainama kutazama nyuma ya boksi, nikaona waya unaotulisha wote wawili umebanduka kwenye lehemu ya Masatu, unaning'inia hewani. Hakuna sauti iliyokuwa inatoka. Nikainua macho. Masatu alikuwa anaendelea kuzungusha, na Mwalimu Magesa, macho kayafumba, uso umetulia, alikuwa anaimba so, la, ti, do. Zote sahihi. Mzee Wambura alisimama akampigia makofi, akatoka akisema maneno ya Bunda yameisha.

Nilimwonyesha Masatu waya pale pale, kwa kidole. Alielewa mara moja, akaubana waya kwenye ngumi, akanifuata nje akanisihi ninyamaze. Alisema Mwalimu kapita, wazee wametulia, tukimwambia tutamuua. Nilimwambia hatutawaambia wazee, tutamwambia yeye, na Masatu akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi. Hakukosea. Mwalimu hakuwa ametudanganya. Alikuwa anasikia kweli, ila alichokisikia kilikuwa kinatoka ndani yake. Ngazi ya do re mi aliipanda maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa ngazi inayofuata iko wapi. Nilifikiria pia sauti ya kwanza, na uso wake ulivyokuwa unatabasamu tukiharibu, na nikaona siwezi kulivumilia tabasamu lile Bunda mbele ya watu.

Siku hiyohiyo Mwalimu alitualika chakula. Mama Neema alikuwa amepika sato wa kupaka na ugali wa udaga wa muhogo, na nyumba ilikuwa na furaha. Mimi nilikuwa nachokonoa samaki tu. Mwalimu akauliza kama samaki ana mifupa mingi, nikasema hapana, nikalia, kisha nikamweleza habari za waya, kwa pupa, bila kupanga maneno. Masatu aliinamia sahani yake. Mama Neema alisimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa. Mwalimu aliendelea kumega ugali, akaukunja kwenye vidole, hakuula.

"Kwa hiyo kuanzia pale nilikuwaga naimba mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Hata kabla ya pale labda. Hatujui."

"Nendeni mkalete hilo boksi."

Masatu alilileta, nikaulehemu ule waya mimi. Mwalimu akasema tusifuate ngazi safari hii. "Zungusha hovyo, Prisca. Nisijue unaenda wapi. Nikisikia nitasema ipo." Akavaa hedifoni, akafumba macho mezani pale, kati ya sahani. Nilizungusha chini, akasema ipo. Katikati, ipo. Juu, akasema hakuna. Nikashuka, ipo, nikapanda, hakuna. Mama Neema alikuwa bado na lile bakuli. Nilimwona Mwalimu anavyokaza uso kila ninapopanda, anavyosubiri, halafu kwa upole kabisa anasema hakuna, na kwangu mimi noti ilikuwa inalia wazi ndani ya hedifoni. Tulipoupata mpaka alifumbua macho, akaomba penseli, akanipa mimi. "Weka alama hapo," akasema. "Mtu ajue shamba lake linaishia wapi." Niliiweka. Ilikuwa chini zaidi ya tulivyoogopa. Boksi tulimwachia.

Jumatatu aliwaambia wazee mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mtu, na mazoezini akaiambia kwaya. Akanitoa mstarini akanisimamisha pembeni mahali anaponiona. "Kidole kitakuwa changu," akawaambia, "sikio la juu ni la Prisca." Bunda niligusa kitambaa changu cha kichwa kila sauti ya kwanza ilipotaka kulegea, na kidole chake kilinyooka, na tulipanda. Hatukuwa wa kwanza, na nani alikuwa wa kwanza nimesahau. Baada ya hapo alinipa sauti za wanawake zote nizifundishe, na miaka ilivyokwenda akanipa kwaya nzima, naye akarudi kwao Bugwema. Kila kitu nilichokuwa baadaye kilianzia kwenye mwaka ule. Nilipata kazi yangu kwa sababu mtu mwingine alikubali kuambiwa.

Tulimzika mchana. Baada ya watu kunawa na kula, Mama Neema alituita chumbani, akatoa boksi kutoka kwenye khanga. Kadibodi ilikuwa ileile, imekuwa ya kahawia, na kutoka kwenye alama yangu kulikuwa na alama nyingine za penseli zinazorudi nyuma, zinashuka, mpaka karibu na do ya kwanza kabisa. Alisema Mwalimu alikuwaga anamwomba azungushe, yeye anafumba macho, na alama walizoea kuziweka pamoja. Siku alama ilipofika kwenye do ile alisema basi, sasa ataimba bila kulisumbua boksi, na aliimba kila asubuhi mpaka wiki ya mwisho. Mama Neema alitabasamu alipokuwa anasema hayo, kisha akatuacha.

Masatu, ambaye sasa ana mvi na kitambi, alikuwa na betri mfukoni, kama nilivyotegemea. Akachomeka spika ndogo, akawasha. Noti ilitoka laini, moja, ileile ya Mwitongo. Akaanza kuzungusha nami nikaanza kuimba nayo, do, re, mi, machozi yananitoka na sijali. Tulipita sauti ya nne, tukapita ya kwanza, tukaenda juu. Nikaimba so, la, ti, do, na nilipotazama chini niliona mkono wa Masatu uko gotini kwake. Alikuwa ameacha kuzungusha kitambo. Kitufe kilisimama kwenye la, na alikuwa ananitazama kwa macho ambayo niliyajua, kwa sababu niliwahi kumtazama mtu hivyo.

"Boksi limezimika?" nikamuuliza.

"Linalia, dada yangu," akasema. "Fumba macho. Nazungusha hovyo."

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba mimi ni mwalimu wa kwaya, kwamba spika yake ni mbovu, kwamba siku hizi kila kitu kina sauti mbovu. Nikafumba macho. Ipo, nikasema. Ipo. Kisha nikasubiri. Hakuna. Huko nje wanawake walikuwa wanaosha masufuria. Nilijua kwa sababu walikuwa wanaosha nilipoingia. Ipo. Hakuna. Hakuna. Nilimfikiria Tabitha, alivyosimama mbele ya wenzake akaniambia tunashuka, na mimi nilivyomjibu.

Nilipofumbua macho Masatu alikuwa ameshika penseli juu ya kadibodi, karibu kabisa na alama ya kwanza ya Mwalimu, na hakuwa ameandika. Alikuwa ananisubiri.

"Weka," nikamwambia.